Fundi Meno na Uso wa Bibi wa Korongoni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, milango ya makumbusho itakapofungwa jioni, Fundi Meno atatundika aproni yake kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana na kuiacha hapo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Aliingia akiwa mtengeneza nakala za visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, anatoka akiwa mkuu wa karakana ya sanamu, na katikati hapo amechafua sakafu kwa plasta kiasi ambacho wafagizi wetu hawatakisahau.

Kamati ya sherehe iliponiomba niandike ukurasa huu nilijaribu kukwepa. Kazi yangu mimi ni kupachika nywele kwenye sanamu, unywele mmoja mmoja kwa sindano. Kuandika ni kazi ya wenye ofisi. Wakanijibu, "Umeshiriki naye meza moja miaka yote hii, unataka aandike nani, mlinzi wa getini?" Nikachukua kalamu. Yatakayopotoka humu ni yangu mimi, msimlaumu mstaafu.

Wageni huuliza kwa nini mtu wa mifupa ya kale anaitwa Fundi Meno. Ni kwa sababu alikuwa fundi wa meno hasa. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, akiwatengenezea wazee meno ya bandia. Siku moja akaingia mwanamke mrefu aliyebeba kisanduku kilichofungwa kwa pamba kama yai. Alikuwa Profesa wetu, ambaye siku hizo nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Akafungua kisanduku, akatoa taya.

Fundi Meno akaitazama, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Magego makubwa haya," akasema. "Na yamesagika vibaya. Huyu mgonjwa alikuwa anakula mchanga? Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki," akajibu Profesa.

"Pole sana. Lini?"

"Miaka milioni tatu hivi iliyopita."

Profesa anasema hajapata kumwona mtu akiweka kitu mezani polepole namna ile. Alitaka tu nakala ya plasta, maana taya yenyewe haikuweza kusafirishwa kwenda kwa wenzake. Akapewa nakala mbili. Moja aliisafirisha. Nyingine alikaa nayo na ile halisi usiku kucha, akishindwa kuzitofautisha mpaka alipozipima uzito. Kabla mwezi haujaisha, Fundi Meno alikuwa mwajiriwa wa makumbusho. Mganga mkuu wa zahanati alimlaumu Profesa kwa muda mrefu kwamba amewaacha wazee wake vibogoyo.

Tabia ya zahanati hakuiacha. Hata leo, ukiingia karakana asubuhi utamkuta ameinamia fuvu huku akilibembeleza, "Fungua kidogo, mama. Haiumi." Mafuvu yote kwake ni wagonjwa, na wagonjwa wote ni mama au mzee. Nilipoajiriwa nilidhani ana kasoro kichwani. Wiki ya pili nikajikuta na mimi namwomba radhi sokwe wa sanamu kwa kumchoma sindano.

Nakala alizotengeneza zimefika mbali kuliko yeye. Ziko shuleni, ziko vyuoni, ziko kwenye makabati ya watu ambao hawatajua kamwe kwamba ule ufa mwembamba juu ya jicho ulipakwa rangi na mtu aliyekuwa akiimba nyimbo za harusi chini chini. Lakini sitaki kuziorodhesha. Watu hawaji kwetu kwa ajili ya nakala. Wanakuja kumwona Bibi wa Korongoni, na habari ya Bibi huyo ndiyo habari ya Fundi Meno mwenyewe, kazini na nyumbani.

Bibi aligunduliwa na kikosi cha Profesa kwenye korongo kavu, baada ya mvua moja kubwa kubomoa ukingo. Walipata fuvu lililovunjika vipande vingi, kipande cha nyonga, goti, mifupa ya mkono na vidole vilivyopinda kidogo kama vya mtu aliyeshika tawi. Profesa alitukusanya ukumbini akatueleza kwa lugha tunayoielewa. Huyu ni zamadamu wa kike, alisema, wa spishi ambayo hatukuwa tumeijua. Ubongo wake haukuzidi sana ule wa sokwe. Mikono yake mirefu inaonyesha kwamba miti alikuwa bado anaipanda. Lakini tazameni nyonga na goti: huyu alisimama, akatembea kwa miguu miwili kama ninyi mlivyoingia hapa. Sokwe si babu yetu, akaongeza, ni binamu. Huyu ndiye yuko upande wa bibi zetu. Msafishaji mmoja akanong'ona, "Basi nani atamsalimia shikamoo?" Ukumbi mzima ukacheka, na jina la Bibi likashika tangu hapo.

Mkurugenzi aliagiza sanamu nzima, ya kimo chake halisi, kwa ajili ya ukumbi mpya. Fundi Meno hakuwa amewahi kuumba sanamu. Akaanza na nakala ya fuvu, akapandikiza vijiti vidogo vya kupimia unene wa nyama kila mahali, akajaza misuli ya udongo mmoja baada ya mwingine, na Profesa pembeni akisema punguza, ongeza, hapo sawa. Mwili ulikwenda vizuri. Shingo, mabega, tumbo, ile mikono mirefu, vyote vilikaa. Kisha akafika kwenye macho, akakwama.

Mboni zenyewe ni za kioo, huagizwa. Lakini mboni haitazami. Kinachotazama ni kope na ile nyama ndogo inayolizunguka jicho, na hiyo mfupa hausemi ilikaaje. Alijaribu, akabomoa, akajaribu tena. Kila mara Bibi alitoka amekodoa kama samaki wa barafuni. Akaanza kutukalisha sisi kwenye kigoda ili aazime mtazamo wetu. Mimi nilidumu asubuhi moja. "Wewe," aliniambia kwa huzuni, "unatazama kama mtu anayengoja chakula." Mlinzi wa zamu alimtazama kama mwizi. Mhasibu alisinzia. Profesa alishindwa kunyamaza.

Nyumbani kwake wakati huo alikuwa akiishi mama mkwe, aliyehamia kwa bintiye baada ya kufiwa na mumewe. Fundi Meno ni mtu wa adabu za kale. Katika ndoa yake yote hakuwa amemkazia macho mama mkwe hata mara moja. Walipokutana sebuleni, yeye alisalimia ukuta. Wakila, sahani ya mama ilitangulia chumbani. Mkewe, ambaye amenisimulia haya, alikuwa akiwacheka wote wawili: "Mnaishi nyumba moja kama waliokosana, na kumbe mnaheshimiana tu!"

Mke ndiye aliyemwambia mama yake kwamba kazi imekwama kwa sababu ya macho. Kesho yake Fundi Meno alirudi akamkuta mama mkwe kibarazani na ungo wa maharage mapajani, na kiti kitupu kimewekwa mbele yake.

"Keti, baba," akasema mama.

Akaketi, macho kwenye vidole vyake vya miguu.

"Nimesikia unatafuta mtu wa kutazama."

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Lakini nini? Nyie wakwe mnaogopa macho kama jua la mchana. Nimekupa binti yangu mzima, nitakunyima macho? Tazama ufanye kazi yako. Mimi nachambua maharage."

Akainua uso. Ndivyo walivyofahamiana, mkwe na mamake mkwe, baada ya miaka ya kupishana. Kila jioni yeye alileta kibao chake chenye donge la udongo, mama akaleta kazi ya mikono, na mkewe akawachungulia kutoka dirishani bila kuamini. Kulikuwa na namna mama yule alivyoinua macho kutoka kwenye ungo mtu akipita njiani. Hakuwa na woga wala ukali. Alitazama kama mzazi anayehesabu watoto wake kimoyomoyo kuona kama wote wamerudi. Mtazamo huo ndio Fundi Meno aliouchukua.

Nakumbuka asubuhi aliyoubandika kwenye sura ya Bibi. Niliingia na chai, nikasita mlangoni. Kwa mara ya kwanza niliona aibu kumpita Bibi bila kumsalimia.

Ukumbi ukafunguliwa na watu wakamiminika. Watoto walinyamaza mbele yake bila kuambiwa. Akina mama walisimama muda mrefu. Magazeti yakaandika. Fundi Meno akapandishwa cheo, na kwa wiki kadhaa alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Ndipo alipofika shemeji yake.

Shemeji huyo ni kaka mkubwa wa mkewe, mkaguzi wa mizani na vipimo sokoni, mtu mnyoofu ambaye wauza nyama walikuwa wakimwona kwa mbali na kuanza kufuta mizani zao. Alikuja na wanawe, akiwa hana habari. Alisimama mbele ya Bibi, na rangi ya uso ikambadilika. Mimi nilikuwepo, nikirekebisha nywele za bega. Nilimsikia akimwita Fundi Meno kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini inayotisha kuliko kelele.

"Shemeji. Haya ni macho ya mama."

"Ndiyo, shemeji. Mwenyewe ali..."

"Umemfanya mama yangu nyani."

"Si nyani, shemeji, ni..."

"Mungu alichukua udongo akatupa sura ya watu. Wewe umechukua udongo huohuo ukamtoa mama yangu kwenye sura hiyo, ukamweka uchi mbele ya wanafunzi. Toa uso huo. Mpaka utakapoutoa, usinihesabu kuwa ndugu."

Akawashika wanawe mikono akaondoka.

Mambo yakaharibika. Shemeji akaacha kukanyaga nyumbani kwao. Ndugu wengine wakafuata, wengine kwa hasira, wengine kwa kumwogopa. Kwenye posa ya binti wa ukoo, Fundi Meno hakualikwa. Mkewe alialikwa peke yake, akakataa kwenda, akalia jikoni akijifanya ni kitunguu. Fundi Meno alikonda. Siku moja aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akaomba ruhusa ya kuyafuta macho ya Bibi na kuweka mengine yoyote.

Mkurugenzi hakukataa. Alimwuliza swali moja tu: "Mwenye macho anasemaje?"

Mwenye macho hakuwa ameulizwa na mtu. Watoto wake walikuwa wamemficha ugomvi wote huo, kila mmoja kwa heshima yake. Alipoambiwa, alisema apelekwe akajionee, na mwanawe mkubwa aitwe, na asiyetaka kuja aje.

Walikuja Jumatatu, siku ambayo makumbusho hufungwa kwa wageni. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo zake za kutokea, na alitembea polepole akimshikilia bintiye. Shemeji alikuja nyuma, mikono mgongoni, kama aliye kazini. Fundi Meno alijibanza karibu na nguzo, na mimi nyuma ya Fundi Meno. Profesa alikuwepo kwa ajili ya maswali.

Mama alimtazama Bibi, na Bibi akamtazama mama.

"Mfupi," mama akasema hatimaye.

"Ndiyo, mama," Profesa akajibu. "Wote walikuwa hivyo."

"Alikuwa na umri gani?"

"Mtu mzima, lakini si mzee. Meno ya mwisho yalikuwa yamekwisha kuota."

"Alizaa?"

"Hatuwezi kujua kwa hakika. Kwa umri wake, yaelekea alizaa."

"Na nyumba?"

"Hawakuwa na nyumba, mama. Wala moto. Tunadhani usiku walipanda mitini, kwa sababu ya chui."

Mama akasogea mpaka kwenye kamba ya kuzuia wageni, akaisukuma kidogo kwa kiwiko kama anayefungua pazia la kwake.

"Na mtoto alimbebaje, akipanda?"

Profesa aliutazama mkono mrefu wa Bibi. "Nadhani kwa mkono mmoja," akasema. "Na kwa mkono mwingine akapanda."

"Gizani."

"Gizani, mama."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Wewe nilikubeba kwa mkono mmoja siku mto ulipofurika. Mkono mwingine nilishika nguzo ya ua. Ulikuwa unalia, na mimi sikuwa na nafasi ya kulia. Unanisikia? Huyu naye alifanya hivyo kila usiku, hana hata mlango wa kufunga. Sasa unasema nimevunjiwa heshima?"

"Mama, watu wanasema..."

"Watu waseme. Mimi Mungu nitamwuliza mwenyewe alituanzaje, nitakapofika, na siku si nyingi. Lakini kama mama huyu amekaa ardhini miaka yote hiyo hana macho, na yangu yamemfaa, ayatumie. Kuazimana kwa wanawake hakujaanza leo."

Walipotoka shemeji aliwafungulia mlango wote, akiwemo Fundi Meno, na hilo kwake lilikuwa neno kubwa. Polepole akarudi kwenye sherehe na misiba ya nyumba ile. Lakini karakana hakukanyaga, na jina la Bibi halikupita mdomoni mwake.

Mama mkwe aliishi miaka mingine kadhaa. Kila mwaka mkwewe alimleta mara moja kumwona Bibi, na kila mara mama aliniuliza mimi kama nywele za mwenzake zinatunzwa. Alipofariki, Fundi Meno alichukua likizo yake yote ya mwaka akaimalizia kibarazani.

Baada ya mazishi nikaanza kumwona shemeji. Alikuja siku za katikati ya wiki, saa ambazo wageni ni wachache. Alikata tiketi kama mgeni yeyote, ingawa ndugu wa wafanyakazi hawadaiwi. Akaketi kwenye benchi mbele ya Bibi, kofia mapajani. Hakusoma bango wala hakupiga picha. Akikaa akatosheka, anainuka, anavuta kamba iliyolegea ikae sawa, anaondoka. Walinzi walimzoea wakaacha kumwuliza kama anahitaji msaada. Nilimwambia Fundi Meno. Akaendelea kukoroga plasta kwa muda, kisha akasema, "Tusimsumbue." Na kwa miaka mingi hatukumsumbua.

Halafu, mwaka juzi, kikosi cha wanafunzi wa Profesa kikapata fuvu la pili.

Lilikuwa la spishi ileile, lakini hili lilitoka likiwa zima, limelala kwenye tope laini lililoganda. Profesa, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alilileta karakana yeye mwenyewe. Akaliweka mezani kando ya lile la kwanza. Tuliona wenyewe. Fuvu la kwanza lilikuwa limelaliwa na ardhi. Vipande vyake tuliviunganisha kwa uaminifu, lakini vilikuwa vimebanwa, na sisi tukaunganisha pamoja na ule mbano. Uso wa kweli ulikuwa mpana zaidi, mashavu yametokeza, matundu ya macho yako mbalimbali. Uso wa Bibi aliyesimama ukumbini, uso ambao tulikuwa tumeupenda kwa robo karne, haukuwa sahihi.

"Tuna mkuu mpya wa karakana anakuja baada yako," Mkurugenzi alimwambia Fundi Meno kwa upole. "Mwachie yeye."

"Nimekosea mimi," akasema Fundi Meno, "nirekebishe mimi."

Habari haikujificha. Wiki ileile shemeji alisukuma mlango wa karakana, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikuwa amezeeka. Alisimama katikati ya mikono na miguu ya plasta, akavua kofia.

"Shemeji, nimekuja kukuomba."

Fundi Meno akampisha kiti. Hakukitaka.

"Nilipotaka umtoe, hukumtoa. Sasa nataka umwache, unamtoa. Wewe ulizaliwa ili unipinge?" Akazungusha kofia mikononi. "Kaburini ni jiwe tu, shemeji. Picha tulizo nazo amefumba macho, mama hakujua kupigwa picha. Mahali pekee ninapomwona akinitazama ni hapo ukumbini kwenu. Usiniondolee."

Nikainamisha uso kwenye sindano yangu. Nilidhani Fundi Meno angemjibu kwa maneno. Badala yake aliinuka, akachukua nakala mbili za mafuvu, akampa shemeji moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto.

"Weka kidole gumba kwenye tundu la jicho. Hivyo. Sasa na la pili. Usitazame, gusa tu."

Mzee alifumba macho. Mtu aliyetumia maisha yake kupima mizani ya watu ana vidole vinavyosikia. Alizungusha kidole gumba kwenye fuvu la kwanza, akahamia la pili, akarudi.

"Huyu amebanwa," akasema polepole.

"Ardhi ilimlalia."

"Kwa hiyo kipimo kilikuwa kibovu."

"Kilikuwa kibovu, shemeji. Hatukujua. Sasa tunajua. Kila siku mtoto wa mtu anasimama mbele yake ananiamini mimi kwamba hivi ndivyo alivyokuwa. Ungekuwa wewe, ungeuacha mzani huo dukani?"

Shemeji alirudisha mafuvu mezani, moja baada ya jingine, kwa uangalifu wa mtu anayelaza watoto.

"Na macho?" akauliza.

"Macho hayamo kwenye mfupa. Macho lazima niombe kwa mtu, kama nilivyoomba mwanzo." Fundi Meno akafuta kigoda kwa pindo la aproni. "Dada yako anasema wewe unatazama kama mama. Mimi sijui, sijawahi kukutazama vizuri. Ulikuwa mkali."

"Mimi ni mwanamume, shemeji. Huyo ni mwanamke."

"Kope hazina kiume wala kike. Kaa."

Akakaa.

Alikuja kwa muda wa miezi, siku alizoweza. Mwanzoni alitazama kama mkaguzi, na Fundi Meno akawa anamlalamikia, "Shemeji, hakuna mwizi hapa, legeza." Kilichomlegeza ni mazungumzo. Wazee hao wawili, ambao kwa nusu ya maisha yao walikuwa wamesalimiana kwa kidevu, walianza kumzungumzia mama. Mimi nilikuwa pale napachika nywele za kisogo, na sindano yangu ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyostahili, nakiri. Shemeji alisimulia jinsi mama alivyokuwa akiwagawia chakula akasema ameshiba, nao wakamwamini mpaka walipokuwa na watoto wao. Siku moja akasimulia ambalo Fundi Meno hakulijua: alipoleta posa, baba wa nyumba alikataa, na yeye kaka mkubwa akaunga mkono, kwamba binti haolewi na mziba mapengo ya wazee. Mama ndiye aliyesimama peke yake. Alisema, kijana huyu nimemwona kwenye zahanati akimwinulia bibi kizee kidevu kumjaribisha meno, na mkono wake ni mpole. Mkono huo ndio nautaka kwa binti yangu.

Fundi Meno aliweka kisu cha udongo chini. Alikwenda kwenye bomba, akafungulia maji, akanawa mikono iliyokuwa safi. Alipogeuka, macho ya shemeji yalikuwa yamebaki pale bombani yakimtazama kama yanamsubiri arudi salama. "Hapo hapo," akasema Fundi Meno, akarudi kushika udongo. "Usisogee."

Uso mpya ulizinduliwa mwezi uliopita. Ule wa kwanza haukutupwa. Profesa ameuweka kwenye kabati la kioo pembeni, na bango linaloeleza tulivyodhani zamani na kilichotubadilisha mawazo, kwa sababu, kama anavyosema, sayansi isiyoonyesha makosa yake ni ushirikina wenye digrii. Kwa hiyo sasa shemeji ana mahali pawili pa kukaa, na tumemsogezea benchi ili aone kote.

Mke wa Fundi Meno alikuja siku ya uzinduzi. Alisimama mbele ya ule uso mpana mpya, mume upande mmoja, kaka upande mwingine, wote wawili wamekauka kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Akatazama. Akainamisha kichwa. Kisha akashika mdomo.

"Jamani," akasema, "huyu si kaka akingoja chai?"

Akacheka mpaka akalazimika kumwegemea mumewe, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na hakuna aliyemwuliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Shemeji alijitetea kwamba yeye chai hangojei, huipata kwa wakati. Profesa akapiga mkongojo chini kutaka utulivu. Mgeni mmoja aliyekuwa na mwanawe mabegani alituuliza kama sisi ni familia. Fundi Meno alituangalia, mkewe, shemeji, Profesa, Mkurugenzi, mimi na sindano zangu, akamjibu kwamba ndiyo.

Fundi Meno, kwa niaba ya wenzako wote, kuanzia ofisi ya juu mpaka chumba cha mifagio, asante. Asante kwa nakala na sanamu, kwa nyimbo zako za harusi zisizo na mwisho, kwa chai uliyoisahau ikapoa mara elfu mezani petu. Asante kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kupenda kazi yake sana na bado akaibomoa ukweli unapodai. Mimi binafsi sijawahi kukuambia, kwa sababu meza yetu si ya maneno hayo: nilikuja hapa kubandika nywele tu, na wewe ukanifundisha kumwamkia ninayembandika.

Na wewe dada yetu, mke wa Fundi, tuliyekukopa mumeo tangu akiwa kijana, leo tunakurudishia. Ametumika sana, lakini hajachakaa, na mikono ingali mipole. Nendeni mkakae kibarazani kwenu bila haraka. Siku zenu ziwe ndefu, afya isiwapungukie, na kila mnayemngoja jioni arudi salama.